Jina la Tatu

Ugomvi wa mwaka ule katika mtaa wa Ledok Wareng ulikuwa juu ya nani aandikwe kabla ya nani. Tamasha la Kuta lilikuwa linaingia mwaka wa sita, na kila mwaka majina ya waliolifanikisha huchapwa kwenye bango refu na kutundikwa langoni pa mtaa, upande wa mto, mahali ambapo hakuna apitaye asilione. Nafasi ya kwanza haikuwa na mjadala, ilikuwa ya mwenyekiti, Pak Sutejo. Ya pili aliipata Bu Kasmi wa jikoni baada ya kununa wiki nzima na kuipikia kamati mboga zisizo na chumvi. Ya tatu ndiyo iliyoleta maneno. Pak Ponijan, mwenye vipaza sauti, alikuja mara nne nyumbani kwa katibu kueleza kwamba bila sauti hakuna tamasha, kwamba watu wangekuwa wanatembea kimya wakitazama kuta kana kwamba wamekuja kutafuta nyumba ya kupanga.

Katibu alikuwa Bu Wuryani, mwanamke wa miaka arobaini na miwili aliyekaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, kila asubuhi na kuiuza mlangoni kwake, na ambaye mwandiko wake ulisifiwa mtaa mzima. Alimsikiliza Pak Ponijan kwa adabu mara zote nne, akampa chai mara zote nne, kisha kwenye nafasi ya tatu akamwandika mumewe, Mujiman. Si kwamba Mujiman hakustahili. Yeye ndiye mchoraji mkuu, na nusu ya kuta za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Lakini Wuryani hakumwandika kwa kustahili. Alimwandika kwa sababu ni mumewe, na kwa sababu alitaka Ponijan awe anapita chini ya bango kila siku na kuliona. Jina lake mwenyewe hakuliandika popote, maana kwao katibu mwenye haya hajiandiki.

Asubuhi ile ile alikuwa na kazi nyingine ya kalamu. Ulikuwa mwezi wa Shaabani, na kabla ya mfungo mitaa yote ya pale mtoni hupanda makaburini kusafisha na kuwaombea waliotangulia. Kila nyumba ilikuwa imemletea Wuryani majina ya wafu wake, mengine kwenye vipande vya daftari, mengine nyuma ya pakiti za sigara, naye akayanakili yote kwenye karatasi moja safi ili msomaji wa dua asihangaike. Basi zikawa karatasi mbili za mwandiko mmoja, majina matupu bila kichwa cha habari, kwa sababu mchapaji wa bango alikuwa na kichwa tangu mwaka jana na msomaji wa dua hakukihitaji. Bahasha mbili za kaki zilikuwa tayari zimeandikwa ya nani ni ipi. Mama mkwe wake, Mbah Tukinem, akaita kutoka jikoni kwamba mafuta yanaungua. Wuryani akazitia karatasi ndani ya bahasha, hii huku na hii kule, akakimbilia jikoni.

Jumapili walipanda makaburini na vikapu vyao. Msomaji wa dua alikuwa Mbah Zarkasi wa mtaa wa juu, kwa kuwa wa Ledok Wareng alifariki mwaka juzi na hawakuwa wamepata mwingine. Mtoto wa jicho alikuwa amemwia vibaya mzee yule, akawa anasoma karatasi ikimgusa pua. Alisoma majina ya mitaa saba mfululizo, kipaza sauti kikikoroma, na watu wakaitikia Fatiha huku wakifukuza nzi kwenye vikate vya mchele. Hakuna aliyesikiliza jina moja moja. Majina ya kule yanajirudia sana, na ukiita Sutejo sokoni watageuka watu watano.

Mujiman alisikia jina lake, akamgusa mkewe kiwiko, akamwita Dik, mdogo wangu, kama kawaida yake.

"Umesikia, Dik? Nimeshaombewa. Nikifa sina foleni."

"Huyo ni Mujiman mwingine," Wuryani akamwambia. "Hebu tulia, watu wanatutazama."

Jumatano alfajiri mke wa Pak Sutejo alikwenda kumwamsha mumewe kwa sala, akamkuta ameshapoa.

* * *

Pak Sutejo alikuwa na miaka hamsini na minane na alivuta sigara za karafuu pakiti mbili kwa siku, kwa hiyo watu walisikitika lakini hawakushangaa. Alizikwa siku hiyo hiyo. Kamati ikakaa ikaona wageni wameshaalikwa na kuta zimeshaanzwa, na kwamba marehemu mwenyewe angechukia kuona rangi zinakaukia ndooni. Tamasha likaachwa liendelee.

Bango lilifika Jumamosi asubuhi likiwa limeviringishwa. Ponijan alipanda ngazi upande mmoja wa lango na Mujiman upande wa pili, wakalifunga juu, wakaliachia lishuke. Watu walikuwa wamejaa pale chini, maana kila mtu alitaka kuona amewekwa wapi. Juu kabisa palikuwa na maneno yale yale ya kila mwaka, kwa herufi nyekundu, kwamba mtaa unawashukuru kwa dhati wote waliofanikisha Tamasha la Kuta. Chini yake majina arobaini na moja.

La kwanza lilikuwa Kromodiharjo. Mtu mmoja akacheka, akauliza kama huyo si yule babu aliyekufa wakati wa Wajapani. Wengine wakacheka pia. Kicheko kikaendelea mpaka mstari wa pili, kisha mama mmoja akaliona jina la binti yake aliyechukuliwa na mto mwaka wa mafuriko, akanyamaza. Aliyefuata akamwona baba yake. Mwingine akamwona kaka yake, na mwingine mama yake na mama mdogo wakiwa wamefuatana. Walinyamaza mmoja mmoja, hata mwisho ukasikia bango peke yake likipigapiga kwa upepo.

Mbah Tukinem hakujua kusoma, ila umbo la jina moja alilijua, kwa kuwa alilisafisha kila Shaabani kwenye jiwe la kaburi la mumewe.

"Yule si Pawiro?" aliuliza. "Ndiye. Ukuta huu wa mto nani aliupiga plasta kama si yeye? Miaka thelathini yuko chini, na leo ndiyo mmekumbuka kumwambia asante." Machozi yakamtoka, naye hakuyaficha, alikuwa amefurahi kweli.

Wuryani alikuwa ameshaelewa tangu jina la kwanza. Alijishika kwenye ngazi ya mumewe. Aliomba moyoni asiwepo mtu mwingine wa kuunganisha mambo, lakini Bu Kasmi, aliyekuwa mwepesi wa hesabu za sufuria na sahani, hakuhitaji muda mrefu.

"Kama hawa wako hapa," alisema polepole, "sisi tulisomwa wapi?"

Ungewaona watu wakirudi kichwani mpaka makaburini, wakikisikia tena kipaza sauti kile kinavyokoroma, wakilisikia kila mtu jina lake na Fatiha aliyoiitikia kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha wote, kwa pamoja, wakamgeukia mke wa Pak Sutejo aliyekuwa amesimama nyuma na nguo zake za msiba. Pak Sutejo ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha.

Ponijan akasema bango lishushwe mara moja. Mujiman akaanza kufungua kamba. Bu Kasmi ndiye aliyemzuia, akamwuliza baada ya kulishusha atakwenda kuwaambia nini hao walioandikwa. Atawaambia asante haikuwa yenu, mlikosea kuisikia? Mujiman akabaki na kamba mkononi, kisha akaifunga tena. Bango likabaki pale siku zote tisa za tamasha, na wageni kutoka mjini walipiga picha chini yake wakisema mtaa huu una umoja, tazama walivyo wengi.

* * *

Mchana ule Bu Kasmi alikwenda kwa Wuryani. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi, akauliza kama bado anayo rasimu ya orodha. Wuryani akasema anayo.

"Mimi ni wa ngapi?"

Wuryani alikuwa amechoka na alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya awe mkali. "Wa pili, Bu. Si ulitaka mwenyewe?"

Maneno hayo alikuja kuyajutia kuliko hata kosa la bahasha. Bu Kasmi alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akarudi jikoni kwake. Kesho yake, Jumapili, akiwa anapakua wali wa wachoraji, upande wa kushoto wa mwili wake uliishiwa nguvu akaanguka. Daktari alisema ni shinikizo la damu, ugonjwa aliokuwa nao miaka mingi. Jumanne alifariki bila kusema neno tena.

Kuanzia Jumatano tempe ya Wuryani haikununuliwa. Hakuna aliyegomba wala kutukana, mtaa ule hauna tabia hiyo. Waliopita walisalimia wakitabasamu na kusema leo wameshanunua mahali, au tumbo linawasumbua. Alipopeleka sahani kwenye msiba wa Bu Kasmi ilipokelewa kwa mikono miwili na shukrani nyingi, na jioni akaikuta mlangoni pake imefunikwa vilevile, haijaguswa hata kipande. Mbah Tukinem alikula mwenyewe ile tempe iliyopoa. Alisema chakula hakina kosa.

Halafu wakaanza kuja mmoja mmoja kuomba wafutwe. Siku ya mwisho ya tamasha huwa na karamu ya dua, na baada ya dua majina ya waliofanikisha husomwa tena kwa sauti, kila mmoja kwa zamu yake. Mwaka ule hakuna aliyetaka zamu. Aliyelilia nafasi ya sita alisema yeye hakufanya kitu, alisogeza viti viwili tu. Mwingine alikumbuka ghafla kwamba rangi alizotoa zilikuwa zimeisha muda wake. Ponijan, wa nne, alikuja mara tatu, na safari hii hakukubali chai.

"Bu Wur, mimi kwani nilifanya nini hasa? Hivyo vipaza sauti vyenyewe unavijua, vinakoroma."

"Nikikufuta wewe, anayefuata atakuwa wa nne," Wuryani alimwambia.

"Basi huyo aje aseme mwenyewe." Alitazama pembeni. Alikuwa mtu mwema kwa kawaida, mwenye kuwaazima watu ngazi na nyaya bila masharti, na ilimwuma kusema alichosema baadaye, lakini alikisema. "Wewe huna wasiwasi. Wewe ulijiacha nje."

Ponijan alipoondoka Wuryani alikuwa bado na kalamu mkononi. Hakuwa amelifikiria hilo. Kwenye orodha nzima ya watu waliosomewa Fatiha wangali hai, nyumba yake ilikuwa imetoa mtu mmoja, na si yeye aliyeshika kalamu. Alikuwa amempandisha mumewe mpaka nafasi ya tatu kwa mkono wake, kwa kiburi tu, kumkomoa jirani mwenye vipaza sauti.

* * *

Mujiman hakuamini hata kidogo. Alisema Pak Sutejo ameuawa na karafuu na Bu Kasmi na chumvi, ile ile aliyoinyima kamati. Wuryani hakucheka. Kazi iliyobaki ilikuwa ukuta mkubwa wa mto, kimo cha nyumba mbili, ambao ulitakiwa uwe tayari siku ya kufunga. Kiunzi cha mianzi kilikuwa kimesimamishwa, lakini wachoraji wengine walikuwa wamepata dharura, huyu mtoto anaumwa, yule ameitwa na shemeji. Hata wa kumshikia ngazi hakupatikana. Wuryani alimwomba aache ukuta ubaki nusu. Alimwomba kwa upole, kisha kwa hasira, kisha kwa machozi mbele ya Mbah Tukinem.

"Nikiacha," Mujiman alisema, "nitakuwa nimekubali kwamba nimekufa. Sasa nitakaa nyumbani nifanye nini, nisubiri?"

Alhamisi alipanda peke yake. Wuryani alifunga mlango wa nyumba akakaa nyuma yake, kwa kuwa hakuweza kutazama na hakuweza kwenda mbali. Alisikiliza. Kama angeanguka, angesikia kishindo. Badala yake alisikia adhana ya saa sita, na muda kidogo baadaye mumewe akaingia na rangi ya buluu mpaka kwenye nyusi, ana njaa na uso wake umechangamka.

Alikula sahani mbili. Kisha akamweleza mkewe, kama habari njema, kwamba watu walikuwa wamerudi. Alipokuwa juu kabisa, anachora paji la uso wa mwanamke mkubwa aliyekuwa anamchora ukutani, upepo ulivuma na kiunzi kikaanza kuyumba. Mara kikatulia. Kilitulia namna kinavyotulia watu wanapokishika kwa chini, watu wengi, kila mguu na mtu wake, na wanaojua kazi, kwa sababu kila alipohamia upande mmoja, upande ule ule ulikazwa. Hakuweza kutazama chini na brashi ikiwa na rangi. Akapaza sauti akasema asanteni jamani. Akaendelea hivyo karibu saa nzima.

"Nani walikuwa?" Wuryani aliuliza.

Mujiman alipangusa vidole. Alipokuwa anashuka, alisema, hakumkuta mtu. Labda walikuwa wamekwenda kusali. Matope ya pale mtoni yalikuwa mabichi, na hayakuwa na nyayo ila zake za asubuhi. Alisema hivyo akitazama sahani, kisha akanyanyua macho na akatabasamu.

"Lakini walinishika vizuri, Dik. Tangu nianze kazi hii sijashikwa vizuri vile."

"Waliambiwa asante," Mbah Tukinem alisema kutoka kwenye kona yake, akichambua mchele. "Mtu akishaambiwa asante atakosaje kuja kazini?"

Kwa Mbah Tukinem hilo lilikuwa jambo la kawaida na la kufurahisha. Mumewe alikuwa amerudi kwenye ukuta wake na mwanawe alikuwa katika mikono salama. Wuryani hakuona hivyo. Aliona jinsi Mujiman alivyokuwa anautazama mlango, akiwa na haraka ya kurudi, yeye ambaye kila mchana lazima alale kidogo. Hawakumshika asianguke, aliwaza. Wamemshika ili wamzoee.

* * *

Ijumaa baada ya sala alipanda mtaa wa juu kwa Mbah Zarkasi. Mzee alikuwa kibarazani akimlisha njiwa wake kwenye tundu. Alikuwa ameshasikia yote, nani alikuwa hajasikia, na kwa jinsi alivyomkaribisha Wuryani ilionekana naye hakuwa amelala vizuri wiki ile. Wuryani aliuliza kama dua iliyokwisha kusomwa inaweza kurudishwa.

"Fatiha si kisu, mwanangu. Nimewasomea watu rehema. Rehema haiui."

"Wawili wamekufa, Mbah. Kwa kufuatana."

"Wawili wamekufa," mzee alikubali. Alipapasa punje kiganjani. "Nikikwambia siogopi nitakuwa nakudanganya na nywele zangu hizi. Lakini sijui cha kufanya, na nisichokijua sitakifanya."

Wuryani akamwambia kwamba Jumapili, kwenye karamu ya kufunga, yeye ndiye atakayesoma majina ya shukrani. Watu wameomba yasisomwe, lakini kamati imeona ni aibu mbele ya wageni, kwa hiyo yatakuwa machache. Akamwuliza kama atasoma kama yalivyoandikwa, kwa mpangilio ule ule, bila kuruka wala kuongeza.

"Mimi husoma ninachopewa," alisema Mbah Zarkasi kwa uchungu. "Si ndiyo iliyotufikisha hapa?"

Aliporudi nyumbani aliketi pale pale alipoziandikia orodha mbili za mwanzo. Alitoa karatasi safi. Alikuwa anaogopa sana kufa. Alipenda kuamka. Alipenda harufu ya mafuta mapya asubuhi na kelele za mto mvua ikinyesha milimani. Aliyawaza hayo yote na bado akaandika, taratibu, kwa mwandiko wake ule mzuri.

* * *

Jumapili alasiri mikeka ilitandikwa mbele ya ukuta wa mto. Ukuta ulikuwa umekamilika, mwanamke mkubwa wa buluu akiwa ameinama kama anayechota maji, na wageni walisema haujapata kuchorwa mzuri kama ule. Wenyeji walikaa wakiwa wameinamisha vichwa. Mujiman alikuwa amekaa mbele na wanaume, na palikuwa na nafasi ya mtu mzima kila upande wake, hakuna aliyetaka kugusana naye. Wuryani alikuwa upande wa wanawake na mama mkwe wake. Katikati ya mikeka wali ulikuwa umepangwa kwenye majani ya mgomba.

Ponijan alitoa hotuba fupi. Alisema mtaa unawashukuru wote bila kumtaja yeyote, akarudia neno wote mara tatu, akakaa haraka. Mbah Zarkasi akasoma dua, kisha akatoa bahasha mfukoni. Watu waliposikia karatasi inakunjuliwa walijikunyata. Mwanamume mmoja aliziba masikio kwa ujanja, kana kwamba anajikuna.

"Waliofanikisha tamasha letu," alisoma mzee, karatasi usoni. "Pak Sutejo."

Alikuwa marehemu, na mdomo una mazoea yake. Watu wachache wakaitikia kwa sauti ndogo, "Al-Fatiha."

"Bu Kasmi."

"Al-Fatiha," wakaitikia wengi zaidi, na wote sasa walikuwa wanamtazama Mujiman. Mujiman aliweka mikono juu ya magoti akanyoosha mgongo. Hakuamini, lakini shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Mbah Zarkasi alisita. Aliisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu, kama anayetumaini macho yake yamemkosea. Midomo yake ilicheza bila sauti. Halafu akasoma, kwa sababu alikuwa ameahidi.

"Bu Wuryani."

Aliyeitwa alikuwa pale, amekaa na mtandio wake wa kijani, mzima, kila mtu anamwona. Ilipita pumzi moja tu. Kisha mtaa mzima ukaitikia Al-Fatiha kwa sauti moja, sauti ambayo haikusikika wiki nzima, wanaume kwa wanawake, mpaka njiwa wakaruka juu ya mapaa. Hawakuwa na ubaya naye. Ulikuwa unafuu tu, kama wa mtu aliyetuliwa gunia, na haukuwaacha hata wakumbuke kuuonea aibu. Aliyeziba masikio aliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Mbah Zarkasi aligeuza karatasi kuangalia kama nyuma kuna kitu. Hakikuwepo. Mujiman alikuwa amesimama katikati ya waliokaa, mdomo wazi, na watu waliokuwa wamemkwepa walimvuta nguo kwa upole wakimwambia akae, Pak Muji, kaa, chakula kinapoa. Na wakala. Wakala kwa hamu, wakapitishiana pilipili, na mtu mmoja akauliza kama kuna tempe ya Bu Wur imebaki.

Baada ya kula walikwenda kumshukuru. Hakuna aliyewaambia wajipange, lakini walijipanga, na foleni ikafika mpaka chini ya bango. Kila mmoja aliukamata mkono wa Wuryani kwa mikono yake miwili, akaushika kwa muda, akasema asante, Bu Wur, asante kwa kazi yako yote, umetufanyia mengi. Wanawake kadhaa walilia. Mke wa Pak Sutejo alimkumbatia. Wuryani aliwajibu wote vizuri, akauliza hali za watoto wao.

Mujiman alikuwa amefika pembeni yake, amesimama bega kwa bega naye. Ponijan alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Alimshukuru Wuryani, akainama. Kisha akampa Mujiman mkono, akaukaza, akashusha sauti.

"Pole sana, Pak Muji," alisema. "Jipe moyo."